Daftari la Mkunga: Maisha ya Martha Ballard

Tarehe za zamani aghalabu ziliandikwa juu ya watawala, majemadari na wenye mali. Mwanamke wa shamba, aliyepanda maharage, akasokota uzi na kuuguza jirani zake, alipita duniani kama umande wa asubuhi. Martha Ballard wa Maine, katika Marekani, alikuwa karibu kupita hivyo. Alipofariki mwaka 1812, gazeti lilimtaja kwa sentensi moja tu: jina lake, jina la mumewe, na umri wake wa miaka 77. Yote mengine yangalipotea kama asingaliacha daftari.

Alizaliwa mwaka 1735 katika mji wa Oxford, Massachusetts, wakati nchi ile ilipokuwa koloni la Waingereza. Mwaka 1754 aliolewa na Ephraim Ballard, mpima ardhi na mwendeshaji wa vinu vya kupasulia mbao, akamzalia watoto tisa. Mwaka 1769 maradhi ya dondakoo yaliingia mjini, na kati ya tarehe 17 Juni na 5 Julai mabinti zake watatu walikufa. Yeye mwenyewe alikuwa mjamzito wakati ule, na mwezi wa Agosti alijifungua binti mwingine. Mtu aliyewahi kuzika na kuzaa katika muda wa majuma machache hahitaji kufundishwa thamani ya uhai. Mwaka 1777 alihamia Hallowell, kando ya mto Kennebec, katika nchi ya misitu na baridi kali.

Tarehe 1 Januari 1785, akikaribia umri wa miaka hamsini, alianza kuandika, wala hakuacha kwa muda wa miaka 27. Karatasi alizikunja na kuzishona kwa mkono wake, akaandika kwa kalamu ya unyoya. Kila siku alitaja hali ya hewa, kazi iliyofanyika, wageni waliofika, wagonjwa aliowatazama, na deni lililolipwa au lililobaki. Jumapili alitaja kama alikwenda kanisani au alizuiwa na kazi ya uzazi. Maneno yake yalikuwa mafupi, hayana pambo. Lakini haba na haba hujaza kibaba: katika kurasa zile zimehesabiwa kuzaliwa kwa watoto 816.

Kazi ya ukunga haikungoja kuche wala mvua ikome. Martha aliuvuka mto kwa mashua, na kipupwe kilipougandisha aliuvuka juu ya barafu. Alipanda farasi usiku katika njia za matope, na mara nyingine alianguka. Hata hivyo hapana mama aliyemfia mkononi wakati wa kuzaa. Watano tu walifariki katika siku zilizofuata. Ujira wake ulilipwa kwa fedha au kwa bidhaa, naye aliuandika kwa uangalifu.

Hapa ndipo daftari linapofunua jambo ambalo hesabu za waume hazikulionyesha. Hesabu za waume zilitaja mbao, ardhi na kodi; mtu azisomaye peke yake hudhani kuwa wanawake walikuwa walaji tu wa jasho la wengine. Martha anaonyesha biashara nyingine iliyokwenda sambamba na ile: kitani kilipandwa, kikasokotwa na kufumwa, nguo, dawa, mboga na siku za kazi zilibadilishwa baina ya nyumba na nyumba. Mabinti zake walipokuwa nyumbani wakifuma, mama aliweza kwenda kuzalisha hata siku mbili au tatu. Walipoolewa, alirudi alfajiri, amechoka, akakuta nguo chafu na meko baridi.

Uaminifu wa kalamu yake ulijaribiwa mwezi wa Oktoba, mwaka 1791. Desturi ya nchi ilimtaka mkunga amwulize mwanamke asiyeolewa, katika uchungu wa kuzaa, jina la baba wa mtoto. Ilidhaniwa kuwa saa ile hapana awezaye kusema uongo, na aliyetajwa aliweza kulazimishwa kumlea mtoto wake. Sally Pierce alipoulizwa, alimtaja Jonathan, mwana wa Martha mwenyewe. Mama angaliweza kunyamaza. Aliandika jina la mwanawe kama alivyoandika majina ya wana wa wengine. Mwaka uliofuata Jonathan alimwoa Sally.

Uzee haukumletea raha. Mwaka 1804 Ephraim, aliyekuwa mkusanya kodi, alifungwa kwa deni la kodi ambayo hakuikusanya yote, na hakutoka mpaka mwaka 1805. Martha alibaki akihangaikia hata kuni za kuota moto. Kisha Jonathan, Sally na watoto wao waliingia katika nyumba yake, naye akawa kama mgeni katika chumba kimoja. Haya pia aliyaandika.

Daftari lilirithiwa na kizazi baada ya kizazi. Mwaka 1884 lilifika mikononi mwa kilembwe chake, Mary Hobart, aliyekuwa daktari. Naye mwaka 1930 alilitoa kwa maktaba ya jimbo la Maine. Baadhi ya wataalamu waliolifungua waliona kuwa limejaa mambo madogo ya nyumbani, wakachagua machache na kuyaacha mengi. Laurel Thatcher Ulrich alifanya kinyume chao. Alihesabu yale yale madogo, siku kwa siku, akayalinganisha na hati za mahakama na za ardhi. Kitabu chake kilitoka mwaka 1990, na mwaka 1991 kikapewa tuzo ya Pulitzer. Kosa la waliotangulia halikuwa uhaba wa hati, kwa maana hati ilikuwa mbele yao. Lilikuwa kudhani kwamba wanajua, kabla ya kusoma, lipi kubwa na lipi dogo.

Mwezi wa Aprili, mwaka 1812, Martha alizalisha kwa mara ya mwisho. Tarehe 7 Mei alitaja hali ya hewa kama kawaida yake, akataja kuwa mchungaji alifika kumwombea, akaweka kalamu chini. Katika mwezi uleule alifariki.