Mwongozaji na Jukwaa la Taifa: Seth Adagala na Oktoba 1976

Historia ya tamthilia nchini Kenya aghalabu huandikwa kana kwamba ni historia ya waandishi tu. Vitabu huhesabiwa, dhamira huchambuliwa, na wahusika hupangwa katika mafungu yao. Lakini yule aliyewasimamisha wahusika hao jukwaani, akawapa sauti na mwendo, hutajwa kwa mstari mmoja au asitajwe kabisa. Sababu yake ni dhahiri: mwandishi huacha kitabu, ilhali kazi ya mwongozaji huisha taa zizimwapo. Kazi ya Seth Adagala katika mwaka wa 1976 yaonyesha hasara itokanayo na mtazamo huo.

Ashukaye kutoka Upper Hill akaikata Nairobi hadi upande wake wa kaskazini hufika penye Jumba la Michezo ya Kuigiza la Taifa, karibu na Chuo Kikuu, likitazamana na Hoteli ya Norfolk. Lilifunguliwa Novemba 1952, majuma machache tu baada ya serikali ya kikoloni kutangaza hali ya hatari tarehe 20 Oktoba. Uhuru ulipopatikana mwaka 1963, jina la taifa lilidumu mlangoni, lakini jukwaa likaendelea kwa miaka mingi kutawaliwa na vikundi vya Wazungu na michezo ya ng'ambo. Adagala, aliyewahi kuliongoza jumba hilo, aliyajua hayo kwa undani.

Mwaka 1976 Kenya ilichagua tamthilia mbili za kupelekwa Lagos katika tamasha la sanaa za watu weusi, FESTAC, la mwaka 1977. Adagala aliongoza *The Trial of Dedan Kimathi* ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Gĩthae Mũgo. Tirus Gathwe akaongoza *Betrayal in the City* ya Francis Imbuga. Ilipotakiwa nafasi ya kuzionyesha nyumbani kwanza, tamthilia zote mbili zilipewa siku nane tu, zikabanwa kati ya wachezaji wa dansi kutoka Ufaransa na mchezo wa kuchekesha wa Kimarekani.

Hapo ndipo ilipo shughuli halisi ya mwongozaji. Kuwafunza waigizaji maneno na miondoko ni nusu tu ya kazi yake. Nusu ya pili ni kuhangaika na wasimamizi wa jumba, kugombea tarehe, kugawana jukwaa na mwenzake, na kuhakikisha kwamba pazia linafunguliwa kwa wakati. Mambo hayo hayamo katika kitabu cha tamthilia, lakini bila hayo tamthilia hubaki karatasi.

Onyesho la Kimathi lilianza tarehe 20 Oktoba 1976, Siku ya Kenyatta. Mtu aliyenyongwa mwaka 1957 kama mhalifu alisimama akijitetea katika jumba lililojengwa na watawala waliomnyonga. Ngũgĩ amesimulia katika maandishi yake ya baadaye kwamba waigizaji walipotoka wakiimba kupitia katikati ya watazamaji, hadhira iliinuka ikawafuata kwa ngoma hadi nje. Kadhalika amesimulia kwamba yeye na Adagala waliitwa kwenye makao makuu ya upelelezi kuhusiana na mvutano ule wa jumba. Kwa hiyo mwongozaji aliwajibika kama alivyowajibika mwandishi, hata kama historia imemkumbuka mmoja zaidi.

Kwa wataalamu wa lugha jambo hili lina uzito wa pekee. Maandishi ya tamthilia ile ni ya Kiingereza, lakini nyimbo zake ni za Kiswahili na Kigikuyu, na ni kwa nyimbo ambapo hadhira ilijiunga na mchezo. Tafsiri ya Kiswahili, *Mzalendo Kimathi*, ilifuata mwaka 1978. Yaani Kiswahili kilikwisha kusikika jukwaani kabla ya kitabu kizima kufasiriwa, na aliyeamua jinsi kitakavyosikika ni mwongozaji.

Jukwaa lile lilipowabana, wengine walitafuta uwanja mwingine. Mwaka 1977 Kĩmani Gecaũ aliongoza *Ngaahika Ndeenda* huko Kamĩrĩĩthũ, Limuru, katika uwanja wa wazi uliojengwa na wanakijiji wenyewe. Onyesho lilianza Oktoba, na kufikia katikati ya Novemba likawa limepigwa marufuku.

Uhakiki utakaoridhika na kurasa zilizochapishwa utaendelea kuisoma nusu ya tamthilia za Kenya. Ratiba za majumba, daftari za mazoezi na kumbukumbu za waigizaji ni matini pia, nazo huchakaa na kupotea upesi kuliko vitabu. Zisipokusanywa wakati wenye kuzijua wangali hai, kazi ya Adagala na wenziwe itabaki jina tu.