Kiingilio cha Kukhu

Oktoba iliyopita mama alitangaza kwamba tutasafiri kama familia. Ndugu yangu mdogo akafikiria Maasai Mara moja kwa moja. Nani asiyefikiria? Kuanzia Julai simu zetu hujaa nyumbu wakivuka mto, na magari ya watalii yamejipanga ukingoni kama Thika Road jioni. Mama akakataa. "Tunaenda Buyangu. Kule hakuna watu."

Kukhu, mamake mama, alikuwa kwa simu, spika imewashwa. Akasema tu, "Watu walikuwako."

Kukhu ana miaka 68. Alizaliwa ukingoni mwa Msitu wa Kakamega, akaolewa upande wa Mumias, na kwa zaidi ya miaka thelathini hakuwa ameukanyaga tena. Tulimpitia, tukapanda matatu ya barabara ya Webuye, tukashuka na kutembea hadi langoni. Mama akalipa kiingilio kwa simu, cha kila mtu.

"Hata mimi?" Kukhu akauliza.

Hakuna aliyemjibu.

Niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo historia hii sikufundishwa na profesa. Niliisikia kwa Kukhu kwanza, kisha nikaenda kuisoma. Mwaka wa 1930 serikali ya kikoloni ilitunga sheria iliyoahidi kwamba ardhi iliyotengewa Waafrika ingebaki yao milele, na kwamba sehemu ikichukuliwa, wangepewa ardhi nyingine badala yake. Mwaka uliofuata dhahabu ikapatikana Kakamega. Wazungu wakamiminika, wakiwemo walowezi waliokuwa wameangushwa na bei mbovu za mazao. Desemba 1932 sheria ikabadilishwa, ikawa ardhi ya dhahabu inaweza kuchukuliwa bila wenyewe kupewa nyingine. Milele hiyo ilidumu miaka miwili. Mwaka wa 1933 msitu nao ukatangazwa rasmi kuwa msitu wa hifadhi.

Dhahabu ya Wazungu ilikwisha. Mgodi mkubwa wa Rosterman ulifungwa 1952. Mipaka ya msitu ilibaki. Lakini mpaka wa kwenye ramani si ukuta. Kukhu na dada zake waliendelea kuingia kuokota kuni, kuchuma uyoga, na kuchimba mukombero, ule mzizi mnaouziwa stendi mkitafuna huku mnacheka. Na wakati huohuo kampuni za mbao zilikuwa zikiangusha miti mikubwa kwa leseni, kabla ya uhuru na baada yake.

Mwaka wa 1985 upande wa kaskazini, karibu hekta 4,000, ulifanywa hifadhi ya kitaifa pamoja na kipande kidogo cha Kisere. Ndio huu tuliolipia, chini ya KWS. Kusini, upande wa Isecheno, ulibaki kwa watu wa misitu, na huko wanakijiji wameendelea kuokota kuni kwa kulipia kidogo. Buyangu hairuhusiwi. Kile kimya ambacho mama alikitafuta kina tarehe.

Ndani ni kuzuri, siwezi kudanganya. Mbega walirukaruka juu yetu, mikia meupe ikining'inia. Tulipanda Kilima cha Buyangu polepole kwa sababu ya magoti ya Kukhu. Kule juu unaona msitu umetanda kama blanketi, halafu unakatika ghafla, na hapo hapo mahindi na miwa inaanza. Ndugu yangu akasema bila ile sheria pangekuwa mahindi mpaka mlangoni. Huenda ni kweli. Magharibi mwa Kenya watu wamebanana, na huu ndio msitu mkubwa wa mvua tuliobaki nao. Lakini magogo makubwa yalitoka kwa lori zenye karatasi za serikali. Hayakubebwa kichwani na wasichana. Mbona basi wasichana ndio waliokuwa wa kwanza kusahaulika?

Tulipokuwa tukishuka, Kukhu alisimama. Kando ya njia, mmea mmoja ulikuwa umejizungusha kwenye mti. Akainama, akanyoosha mkono, kisha akaurudisha na kuufuta kwenye leso kana kwamba ulikuwa mchafu.

"Mukombero," akasema. "Twende."

Mama aliona. Hakusema kitu, lakini tulipofika barabarani alimwendea mama mmoja aliyekuwa akiuza mizizi ile imefungwa kwa kamba, akanunua fungu zima. Kukhu akamuuliza muuzaji ameutoa wapi.

"Nimepanda kwangu, mama. Siku hizi tunapanda."

Kukhu akatafuna taratibu, akatikisa kichwa kukubali. Kwenye matatu ndugu yangu alimuuliza yule dada yake mkubwa aliyekuwa akienda naye msituni aliitwa nani. Kukhu akamtaja, kisha akaanza kutaja na wengine, mmoja mmoja, na mimi nikatoa simu nikaandika.