Si Changamano, ni Pokezani

Katika orodha moja ya istilahi za nishati waliyogawiwa watafsiri, mtambo wa gesi wenye turbaini ya mvuke nyuma yake umepewa jina la "mtambo wa mzunguko changamano". Istilahi hiyo haifai, na kamati iliyoipitisha ilikuwa na kila sababu ya kuikataa.

Mtambo wenyewe msomaji anaujua. Turbaini ya gesi huzungusha jenereta; moshi wake, wenye joto la nyuzi 500 na zaidi, huchemsha maji katika boila; mvuke ukazungusha turbaini ya pili. Neno ndilo lenye kasoro.

Kwanza, changamano lina kazi zake. Wanahisabati wana namba changamano na wanasarufi wana sentensi changamano. Kote humo maana ni kitu kimoja chenye sehemu zilizosukana. Mzizi ni changa, kutoa mchango. Kiambishi -mana huleta hali ya kushikana, kama katika fungamana na shikamana. Katika mtambo wa aina hii ulioko Kinyerezi hakuna kinachoshikana. Moshi hupita nje ya mabomba ya boila, maji hupita ndani, na havigusani hata kidogo. Kinachovuka ukuta wa bomba ni joto tu.

Kwa sababu hiyo hiyo naukataa "mzunguko mseto", unaopigiwa debe na mtaalamu mmoja mwenye sauti kubwa vikaoni. Mseto hutokana na seta, yaani kuponda vitu hadi vichanganyike; ndiyo maana wali uliopikwa pamoja na pojo ukaitwa mseto. Kilimo mseto nacho huweka miti na mazao katika shamba moja. Gesi na mvuke havina shamba moja.

Pili, umoja wa neno "mzunguko" umetoka wapi? Mizunguko ni miwili: wa gesi, unaobeba jina la Mmarekani George Brayton, na wa mvuke, unaobeba jina la Mskoti William Rankine. Kiingereza kimeridhika na umoja, nasi tukaunakili bila kuhoji, ilhali ngeli zetu zinatuwezesha kusema mizunguko bila gharama yoyote.

Ninachopendekeza ni mizunguko pokezani. Pokea huzaa pokeza, pokeza huzaa pokezana. Na kama shindana lilivyozaa shindani, na ambatana likazaa ambatani, ndivyo pokezana linavyozaa pokezani. Hakuna kanuni iliyovunjwa. Nilipolitoa neno hili mbele ya jopo moja la lugha nilijibiwa kwamba -ana ni ya kutendana, na mvuke haurudishii gesi chochote. Jibu hilo liliniudhi, kwa kuwa waliolitoa ni watu wa lugha. Katika mbio za kupokezana vijiti, mkimbiaji wa kwanza harudishiwi kijiti, na bado Waswahili wote husema kupokezana. Kijiti cha Kinyerezi ni joto.

Neno hili linabeba pia utaratibu wa kazi. Turbaini ya gesi huwashwa na kushika mzigo ndani ya dakika chache. Boila hupashwa taratibu ili vyuma visipasuke, hivyo mvuke hufuata baadaye. Hata wajenzi mara nyingi hutanguliza gesi, umeme ukaanza kuuzwa wakati upande wa mvuke bado unajengwa. Changamano halisemi lolote juu ya nani anatangulia.

Wala si suala la wanaistilahi peke yao. Kinyerezi I ilianza na megawati 150 za gesi tupu, moshi ukipaa na joto lake. Kinyerezi II, iliyozinduliwa Aprili 2018, ina megawati 240 kutoka turbaini sita za gesi na mbili za mvuke. Mtambo wa gesi pekee hugeuza takribani theluthi moja ya nishati ya gesi kuwa umeme. Ule wa gesi na mvuke wa Bouchain, Ufaransa, mwaka 2016 ulipita asilimia 62. Mwananchi anayelipia gesi ya Songo Songo na Mtwara anastahili jina linalomwonyesha tofauti hiyo inatoka wapi.

Kwa matumizi: wa gesi na mvuke ni mtambo wa mizunguko pokezani, na wa gesi pekee ni mtambo wa mzunguko mmoja. Wahariri na walimu wa vyuo vya ufundi, andikeni hivyo kuanzia sasa, na changamano muwaachie wanahisabati na wanasarufi.