Fungu na Kifungu: Suala la Angola katika Kongresi ya Marekani, 1974–1985

Neno kifungu, ambalo sisi walimu hulitumia kila tunaposoma na wanafunzi wetu kifungu cha habari, limetokana na neno fungu. Fungu ni sehemu ya kitu kilichogawanywa: fungu la samaki sokoni, fungu la fedha katika makadirio ya serikali. Kifungu ni fungu dogo, na katika sheria ni sehemu fupi ya maandishi yenye amri yake. Undugu wa maneno haya mawili si wa sauti tu. Historia ya misaada ya nchi za kigeni yaonyesha kwamba kifungu chenye maneno machache chaweza kulizuia fungu la mamilioni ya fedha, au kuliachia. Katika makala haya twakusudia kueleza kisa kimoja cha namna hiyo, kilichotukia katika Kongresi ya Marekani kati ya mwaka 1974 na 1985, na ambacho kiliwagusa watu wa Angola pamoja na jirani zao wa Shaba, wasemao Kiswahili.

Yafaa kwanza tueleze utaratibu. Katiba ya Marekani yakataza fedha kutolewa katika hazina ya taifa pasipo sheria iliyopitishwa na Kongresi. Kongresi hiyo ina mabaraza mawili: Seneti, yenye wajumbe 100, wawili kwa kila jimbo, na Baraza la Wawakilishi, lenye wajumbe 435. Misaada ya kigeni hupita katika milango miwili. Sheria moja huruhusu kazi yenyewe na kuiwekea masharti. Sheria nyingine hutoa fedha za mwaka. Kila sheria huanza ikiwa mswada, na neno hilo, ambalo asili yake ni Kiarabu, lina maana ya maandishi ya awali, yaani yale ambayo bado yanakubali kukatwa na kuongezwa. Mjumbe asiyeridhika huleta marekebisho: huomba neno hili liondolewe, au kifungu hiki kiongezwe, na wenzake hupiga kura. Hivyo mswada ulioandikwa na serikali kwa nia moja huweza kutoka bungeni ukiwa na nia nyingine.

Sheria mama ya misaada ya Marekani ilipitishwa mwaka 1961, wakati wa Rais John Kennedy. Haukupita hata mwaka mmoja na nusu kabla ya marekebisho kuanza kuuma. Mwaka 1962 Seneta Bourke Hickenlooper wa jimbo la Iowa alifaulu kuingiza kifungu kilichoamuru misaada ikatwe kwa nchi yoyote itakayotaifisha mali ya Wamarekani bila ya kulipa fidia. Mwaka 1963 kifungu hicho kiliiangukia Ceylon, ambayo leo huitwa Sri Lanka, kwa sababu ya mali ya makampuni ya mafuta. Tangu hapo serikali nyingi za nchi changa zilitambua kuwa haitoshi kusoma hotuba za marais wa Marekani. Hazina budi kusoma na vifungu.

Kisa chetu chaanza Desemba 1974. Wakati huo Wamarekani walikuwa wamechoshwa na vita vya Vietnam, na Rais Richard Nixon alikuwa amejiuzulu miezi minne kabla. Seneta Harold Hughes na Mbunge Leo Ryan waliongeza katika sheria ya misaada kifungu kilichokataza fedha kutumiwa na Shirika la Kijasusi, CIA, kwa vitendo vya siri katika nchi za nje, isipokuwa Rais mwenyewe awe ameona kwamba vinahitajika kwa usalama wa taifa, na kamati husika za Kongresi ziwe zimearifiwa. Kifungu hicho hakikuitaja Angola wala nchi nyingine yoyote ya Afrika. Lakini kiliufungua mlango ambao hapo kabla ulikuwa umefungwa.

Katika mwaka huo huo wa 1974, mwezi wa Aprili, majeshi ya Ureno yaliipindua serikali yao ya Lisbon, na utawala wa Wareno katika Afrika ukaanza kuporomoka. Angola ilikuwa na vyama vitatu vya ukombozi: MPLA cha Agostinho Neto, FNLA cha Holden Roberto, na UNITA cha Jonas Savimbi. Januari 1975, katika mji wa Alvor huko Ureno, vyama hivyo vilikubaliana kuunda serikali ya mpito mpaka siku ya uhuru, tarehe 11 Novemba 1975. Mapatano hayo hayakudumu. Umoja wa Kisovyeti na Cuba viliiunga mkono MPLA. Zaire, kama Kongo-Kinshasa ilivyoitwa tangu 1971 hadi 1997, iliiunga mkono FNLA, iliyokuwa na makao yake Kinshasa. Oktoba 1975 majeshi ya Afrika ya Kusini yalivuka kutoka Namibia na kuelekea kaskazini, na maelfu ya askari wa Cuba wakaletwa kuwakabili.

Marekani nayo haikuwa mtazamaji. Julai 1975 Rais Gerald Ford aliidhinisha msaada wa siri kwa FNLA na UNITA, na silaha zikawa zinapitia Zaire kwa Rais Mobutu. Fedha zote zilizotengwa zilifikia kiasi cha dola milioni 32. Hata ndani ya serikali yenyewe hapakuwa na umoja: Nathaniel Davis, aliyekuwa mkuu wa masuala ya Afrika katika wizara ya mambo ya nje, alikiacha cheo hicho kwa kutoafiki mpango huo. Kwa mujibu wa kifungu cha 1974, kamati za Kongresi ziliarifiwa. Miongoni mwa wajumbe walioshughulika na habari hizo alikuwamo Dick Clark wa Iowa, mwenyekiti wa kamati ndogo ya Seneti kuhusu Afrika. Kabla ya kuingia katika siasa alikuwa akifundisha katika chuo kimoja cha jimbo lake. Agosti 1975 Clark alisafiri Afrika, akaonana na viongozi wa vyama vyote vitatu vya Angola.

Desemba 1975 serikali ilitaka dola milioni 28 zaidi. Habari zilikuwa zimekwisha kufika magazetini, na Seneta John Tunney wa California akaleta marekebisho katika mswada wa fedha za ulinzi, ambamo fedha za CIA zilikuwa zimefichwa. Marekebisho yake yalikataza fedha za mswada huo kutumika katika Angola kwa shughuli yoyote isipokuwa ya kukusanya habari. Seneti ilijadili jambo hilo kwa siku kadhaa, na kwa muda fulani milango ilifungwa ili wajumbe waweze kusema mambo ya siri. Waliompinga Tunney walidai kwamba kuiacha Angola ni kuwaachia Wasovyeti sehemu kubwa ya Afrika, na kwamba marafiki wa Marekani duniani wataiona kuwa haiaminiki. Waliomuunga mkono walisema kwamba Vietnam nayo ilianza kwa fedha kidogo na washauri wachache. Tena kwamba kupigana upande mmoja na Afrika ya Kusini ya ubaguzi wa rangi kungeiharibia Marekani jina mbele ya Afrika nzima. Tarehe 19 Desemba kura zilihesabiwa: 54 ziliyakubali marekebisho, 22 ziliyakataa. Tarehe 27 Januari 1976 Baraza la Wawakilishi liliafiki kwa kura 323 dhidi ya 99. Rais Ford hakupendezwa, lakini hakuweza kuukataa mswada mzima wa ulinzi kwa sababu ya kifungu kimoja. Tarehe 9 Februari alitia sahihi.

Wala tusidhani kwamba Afrika ilikuwa na kauli moja wakati huo. Kati ya kura ya Seneti na ile ya Baraza la Wawakilishi, yaani Januari 1976, viongozi wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika walikutana Addis Ababa kwa ajili ya Angola, wakagawanyika sawasawa. Nchi 22, Tanzania na Nigeria zikiwamo, zilitaka serikali ya MPLA itambuliwe. Nchi nyingine 22, Zaire na Zambia zikiwamo, zilitaka vyama vyote vitatu viunde serikali ya umoja. Ethiopia, mwenyeji wa mkutano, na Uganda, ambayo rais wake Idi Amin alikuwa mwenyekiti wa Umoja, hazikufuata upande wowote. Hivyo mambo ya Angola yalipigiwa kura katika miji miwili iliyo mbalimbali, na hakuna hata mmoja ambamo mkulima wa Huambo aliulizwa.

Sheria ya fedha ina udhaifu wake: hufa pamoja na mwaka wake. Marekebisho ya Tunney yalizihusu fedha za mwaka mmoja tu. Kwa hiyo Clark aliandika kifungu cha kudumu, kikaingizwa katika sheria ya misaada ya usalama iliyotiwa sahihi tarehe 30 Juni 1976. Kilikataza msaada wa aina yoyote kwa kundi au mtu yeyote kwa ajili ya vita ndani ya Angola. Lakini kiliacha mlango mmoja: Rais akiona msaada huo ni wa lazima kwa usalama wa taifa, aje aeleze sababu zake, na Kongresi iruhusu kwa azimio lake yenyewe. Hapa ndipo tunapoona kiini cha jambo lote. Clark hakuandika kwamba Marekani haitapigana Angola kamwe. Aliandika kwamba haitapigana pasipo kusema.

Je, kifungu hicho kilileta amani? La. Cuba haikufungwa na sheria ya Marekani, wala Afrika ya Kusini, na UNITA iliendelea kupigana kwa msaada wa Makaburu. Reli ya Benguela, iliyokuwa ikichukua shaba ya Zambia na ya mkoa wa Shaba hadi bandari ya Lobito, ilikatika kwa vita tangu Agosti 1975, na shaba ya Zambia ikageuziwa njia ya Dar es Salaam kwa reli mpya iliyojengwa kwa msaada wa China. Mwaka 1977 na tena 1978 wapiganaji wenye asili ya Katanga walivuka kutoka Angola na kuingia Shaba; mara ya pili waliuteka mji wa Kolwezi. Kifungu kiliuzuia mkono mmoja tu kati ya mikono mingi.

Hata mkono huo haukuzuiwa milele. Clark alishindwa katika uchaguzi wa 1978. Mwaka 1981 serikali ya Rais Ronald Reagan iliomba kifungu chake kifutwe. Seneti ilikubali, lakini Baraza la Wawakilishi halikuafiki, kikabaki. Mwaka 1985 suala lililetwa tena, kwa njia ile ile ya marekebisho katika mswada wa misaada. Seneti ilikubali kufuta kwa kura 63 dhidi ya 34, na Baraza la Wawakilishi kwa kura 236 dhidi ya 185. Mwaka 1986 Savimbi alipokewa Washington, na silaha za Marekani, yakiwamo makombora ya Stinger ya kuangushia ndege, zikaanza kumfikia. Nyingi zilipitia uwanja wa ndege wa Kamina, katika Shaba. Watu wa Kamina walisikia ngurumo za ndege hizo usiku. Kura iliyozileta ilikuwa imepigwa ng'ambo ya bahari. Vita vya Angola vilikwisha mwaka 2002, baada ya Savimbi kuuawa.

Kuna makosa mawili ambayo msomaji wa historia hii hana budi kuyaepuka. La kwanza ni kudhani kwamba wajumbe 54 wa Seneti walipiga kura kwa kuipenda Angola. Wengi wao walikuwa wakiikumbuka Vietnam, na wengine walikuwa wakigombania madaraka na Rais wao. La pili ni kudhani kwamba, kwa kuwa kifungu hakikuleta amani, basi hakikuwa na kazi. Kwa miaka tisa kiliilazimisha serikali yenye nguvu kubwa ama ijizuie, ama ije ijieleze mbele ya watu. Kufutwa kwake hakukuleta silaha tu. Kulikiondoa na kile kiti cha kujielezea.

Sisi walimu wa Kiswahili twaweza kulitumia somo hili darasani. Nchi zetu zote hupokea misaada, na kila msaada una maandishi yake. Tuwape wanafunzi wa madarasa ya juu sheria fupi, iwe ya nchi yao wenyewe, watafute maneno haya matatu: "hakuna", "isipokuwa" na "pasipo". Kisha tuwaulize: ukiliondoa neno hili, ni nani atakayepata, ni nani atakayekosa, na ni nani ambaye hatakuwa tena na wajibu wa kujieleza? Atakayeweza kujibu maswali hayo atakuwa ameisoma lugha kama inavyosomwa mahali ambapo mafungu hugawanywa.