Shokamzoba na Raba ya Kikomo: Kifaa na Jina Lake

Gari lilipofika katika nchi zetu liliikuta lugha yenye akiba yake ya maneno ya safari. Usukani ulitoka chomboni ukaingia garini bila kubadili jina. Breki, gia na springi vilikuja na majina yake. Ndivyo ilivyokuja shokamzoba, ambayo mafundi wengine huiita shokapu. Katika makala haya twakusudia kuonyesha kwamba jina hili lilikuja na kasoro iliyotoka nayo kwao.

Mwaka 1804 Obadiah Elliott wa Uingereza alipata hataza ya springi za mabamba ya chuma kwa magari ya farasi. Springi ndiyo ipokeayo mshtuko wa shimo. Lakini ikiisha kuupokea huendelea kupanda na kushuka. Mwanzoni mwa karne ya 20 Mfaransa Truffault alibuni kifaa cha kuuzuia mchezo huo kwa msuguano, na Edward Hartford akakieneza Marekani. Baadaye mafuta yanayosukumwa kupitia matundu membamba yalichukua nafasi ya msuguano. Kwa hiyo kifaa hiki hakinyonyi mshtuko, kama jina lake la Kiingereza lidaivyo; huituliza springi.

Je, kasoro hiyo ina madhara? Tuchukue Land Rover, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam mwezi Aprili 1948, ikiwa na springi za mabamba. Mwenye gari akitia springi ziinuazo fremu kwa milimita 50, ekseli husimama mbali zaidi na fremu kwa kiasi hicho. Shokamzoba ya zamani hubakiwa na nafasi ndogo ya kurefuka. Gurudumu likining'inia, huvutika hadi mwisho na kung'oa vishikizo vyake. Akinunua iliyo ndefu, huzuka hatari ya pili: hata ikijifunga kabisa yaweza kuwa ndefu kuliko nafasi iliyopo ekseli inapopanda. Pistoni itagonga kitako kabla ekseli haijafikia raba iliyo chini ya fremu. Raba hiyo lazima ishushwe, ndiyo iguswe kwanza.

Kitabu cha maelezo kikisema "kinyonya mshtuko", msomaji atadhani kazi ya kuzuia kishindo ni ya shokamzoba, na raba ataiona pambo. Ndipo tafsiri inapoharibu gari.

Twapendekeza mambo mawili. Neno shokamzoba libaki, kwa kuwa limekwisha kuzoewa na halimdanganyi asiyejua Kiingereza; penye haja ya ufafanuzi, lielezwe kuwa "kituliza springi". Ile raba iitwe "raba ya kikomo", maana kazi yake ni kuuwekea mwendo wa ekseli mpaka. Mfasiri na aulize kwanza kifaa chafanya nini, ndipo aulize chaitwaje.