Fahamu kuhusu kiungulia baada ya upasuaji wa kupunguza uzito: chanzo, tiba na dalili za hatari

Wananchi waliofanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito wanashauriwa kutochukulia kiungulia cha mara kwa mara kuwa jambo la kawaida. Kikidumu bila tiba, kinaweza kusababisha vidonda kwenye umio, kupungua kwa kipenyo chake na, kwa baadhi ya watu, mabadiliko ya ukuta wa umio yajulikanayo kama umio wa Barrett, ambayo huongeza uwezekano wa kupata saratani.

Chanzo cha tatizo

Kiungulia hutokea pale tindikali ya tumboni inapopanda kwenye umio. Mgonjwa huhisi moto kifuani, ladha chungu au chachu kinywani, kikohozi kikavu nyakati za usiku au sauti kukwaruza asubuhi. Kwa kawaida msuli ulio mwishoni mwa umio hufunga njia baada ya chakula kupita. Upasuaji unaweza kubadili mpangilio huo, na athari yake hutegemea aina ya upasuaji uliofanyika.

Aina ya kwanza ni ule ambapo daktari huondoa takribani asilimia 75 hadi 80 ya tumbo na kubakiza mfuko mwembamba wenye umbo la mrija. Mfuko huo hautanuki kwa urahisi, hivyo shinikizo la ndani huongezeka na kusukuma tindikali juu. Hali huwa mbaya zaidi iwapo mrija umebana mahali fulani, au sehemu ya tumbo imepanda kifuani kupitia kiwambo.

Aina ya pili ni upasuaji wa mchepuo, ambapo hutengenezwa mfuko mdogo sana sehemu ya juu ya tumbo na kuunganishwa moja kwa moja na utumbo mwembamba. Mfuko huo hutoa tindikali kidogo, na nyongo huingia mbali zaidi chini ya utumbo. Kwa sababu hiyo, watu wengi waliokuwa na kiungulia hupata nafuu baada ya upasuaji wa aina hii.

Tofauti hiyo ilionekana wazi katika utafiti uliofanyika Ufini, ambapo wagonjwa 240 waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi mawili kati ya mwaka 2008 na 2010. Baada ya miaka 10, uvimbe wa umio ulionekana kwa asilimia 31 ya waliopimwa katika kundi la mrija, ikilinganishwa na asilimia 7 katika kundi la mchepuo.

Wanaowekewa puto tumboni, huduma ambayo hapa nchini inatolewa na Hospitali ya Taifa Muhimbili-Mloganzila, nao wanaweza kupata kiungulia. Kwa kawaida hupewa dawa za kupunguza tindikali kwa muda wote ambao puto limo tumboni.

Hatua za nyumbani

Mgonjwa anashauriwa kula milo midogo, kutafuna taratibu na kuacha kula mara anapohisi kushiba. Maji yanywewe angalau nusu saa baada ya chakula, si pamoja na chakula. Mlo wa mwisho uwe saa 3 kabla ya kulala. Kichwa cha kitanda kiinuliwe kwa sentimita 15 hadi 20 kwa kuweka matofali au vipande vya mbao chini ya miguu ya kitanda. Kurundika mito hukunja tumbo na kuongeza shinikizo. Kulala kwa ubavu wa kushoto husaidia pia.

Soda, pombe, kahawa, pilipili, vyakula vya kukaanga na matunda yenye uchachu viepukwe iwapo vinaamsha dalili. Sigara iachwe kabisa. Waumini wanaokusudia kufunga wapate kwanza ushauri wa daktari, kwani futari nzito, au kulala mara baada ya daku, huchochea kiungulia.

Matumizi ya dawa

Dawa zinazotumika zaidi ni za kundi la omeprazoli, esomeprazoli na pantoprazoli. Humezwa dakika 30 hadi 60 kabla ya kula, kwa kawaida kabla ya kifungua kinywa. Zikimezwa baada ya chakula, nguvu yake hupungua. Famotidini na dawa za maji za kutuliza tindikali huweza kuongezwa kwa ushauri wa daktari.

Matumizi ya muda mrefu yanahitaji uangalizi. Upasuaji wenyewe hupunguza ufyonzwaji wa vitamini B12, madini ya chuma na kalsiamu, na dawa hizi zinaweza kuongeza upungufu huo. Ni muhimu kupima damu kwa ratiba iliyopangwa na kutoacha virutubisho vilivyoandikwa na daktari. Kalsiamu ya aina ya sitrati hufyonzwa vizuri zaidi pale tindikali inapokuwa kidogo.

Dawa za maumivu kama diklofenaki, ibuprofeni na asprini zisitumiwe bila idhini ya daktari. Kwa aliyefanyiwa mchepuo, dawa hizo pamoja na sigara ni visababishi vikubwa vya kidonda mahali tumbo lilipounganishwa na utumbo.

Vipimo na upasuaji wa pili

Dalili zisipotulia, daktari huagiza kipimo cha kamera inayopitishwa kinywani, picha za eksirei baada ya kunywa dawa maalumu, au kipimo cha tindikali kwenye umio kwa saa 24. Bakteria aina ya Helicobacter pylori pia hutafutwa. Shirikisho la kimataifa la upasuaji wa unene linapendekeza waliofanyiwa upasuaji wa mrija wapimwe kwa kamera baada ya mwaka 1, kisha kila baada ya miaka 2 hadi 3, hata kama hawana dalili, kwa kuwa umio unaweza kuharibika bila maumivu.

Mrija uliobana unaweza kutanuliwa kwa puto maalumu. Iwapo dawa zimeshindwa, tiba inayokubalika zaidi ni kuubadili mrija kuwa mchepuo. Upasuaji wa kawaida wa kuzuia kiungulia, unaotumia sehemu ya juu ya tumbo kuzungushia umio, hauwezekani kwa wagonjwa hawa kwa kuwa sehemu hiyo imekwishaondolewa.

Kwa hiyo, mtu anayefikiria kupunguza uzito kwa upasuaji amweleze daktari mapema kama ana kiungulia, na aombe kupimwa umio kabla ya kuamua aina ya upasuaji. Waliofanyiwa upasuaji nje ya nchi wahifadhi ripoti inayoonesha aina ya upasuaji na waiwasilishe kila wanapohudhuria kliniki.

Dalili za hatari

Mgonjwa afike hospitalini haraka akitapika damu, akipata choo cheusi kama lami, akishindwa kumeza, akitapika mfululizo au akipata maumivu makali ya tumbo. Maumivu ya kifua yanayoenea mkononi au kwenye taya, yakiambatana na jasho au kukosa pumzi, yachukuliwe kuwa dharura ya moyo hadi vipimo vithibitishe vinginevyo.