Mnada wa Krismasi: Kristo, Mali na Heshima Kilimanjaro

Kila Desemba mimbari zetu hulalamika kwamba Krismasi imemezwa na pilau, nguo mpya na bia, na mhubiri husema kana kwamba balaa hili limeingia juzi. Ushahidi wa kale zaidi tulio nao wa Roma kuadhimisha kuzaliwa kwa Kristo tarehe 25 Desemba umo katika kalenda iliyokusanywa mwaka 354. Haikupita miaka 30 kabla Gregori wa Nazianzo, akihubiri sikukuu hiyo huko Konstantinopoli, hajaanza kuwakanya waumini wasipambe milango, wasicheze ngoma, wala wasishindane kwa vyakula na divai. Lalamiko lina umri karibu sawa na sikukuu yenyewe. Kwa hiyo halitoshi kurudiwa. Inafaa tuulize kama linalenga palipo na kosa.

Wapo waliochukua hatua kali zaidi ya kulalamika. Bunge la Uingereza, likiwa mikononi mwa Wapuritani, lilipiga marufuku sikukuu hiyo mwaka 1647, na koloni la Massachusetts likaweka faini ya shilingi 5 mwaka 1659, sheria iliyodumu hadi 1681. Walitaka kumwokoa Kristo na anasa. Walichopata ni siku ya kazi kama nyingine, maduka wazi na biashara ikiendelea. Sijui kama kuna namna nzuri zaidi ya kuikabidhi Krismasi kwa wafanyabiashara.

Andiko linalotajwa sana katika hoja hii ni Wafilipi 3:8, pale Paulo anaposema ameyahesabu yote kuwa hasara kwa ajili ya Kristo. Ni nadra mhubiri kurudi nyuma mistari mitatu kuona hayo "yote" ni nini. Si fedha, si chakula. Paulo anataja ukoo wake, kabila la Benyamini, Ufarisayo wake na sifa yake ya kuishika sheria bila lawama. Kwa maneno mengine, alichokitupa ni heshima yake mbele za watu. Augustino naye, katika kitabu chake cha mafundisho ya Kikristo, alitofautisha vitu vya kutumiwa na Mungu wa kufurahiwa kwa ajili yake mwenyewe. Kwake kosa haliko katika kitu. Liko katika moyo unaoigeuza njia kuwa mwisho wa safari. Nashikilia basi kwamba mshindani wa Kristo siku ya Krismasi si sahani ya nyama. Ni jina kubwa.

Kilimanjaro inaonyesha tofauti hiyo kuliko mahali pengine ninapopafahamu. Injili ilikita mizizi huko mwishoni mwa karne ya 19, kupitia Wakatoliki wa Kilema na Walutheri wa Leipzig waliofika mwaka 1893, na leo safari ya Wachaga kurudi nyumbani mwezi Desemba inajulikana nchi nzima. Mkosoaji huona pombe ya mbege, mbuzi na magari yaliyobanana kwenye barabara za migombani. Haoni makaburi yanayopaliliwa kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo, kikao cha ukoo kinachomaliza ugomvi wa mpaka, wala mjukuu anayemwona bibi yake kwa mara ya kwanza. Bruno Gutmann, mmisionari aliyefika mwaka 1902, alifundisha kwamba vifungo vya ukoo na ujirani ni zawadi ya Muumba ambayo Injili haina budi kujengwa juu yake. Aliupamba mno ukoo, na wanaomkosoa kwa hilo wana haki. Hata hivyo aliona kwamba meza inaweza kuwa mtumishi.

Tatizo liko nje ya mlango wa kanisa, baada ya ibada. Sadaka za vitu hupigwa mnada: mkungu wa ndizi, jogoo aliyefungwa miguu, mayai katika kikapu. Mzee wa kanisa huinua jogoo juu na kuita bei. Elfu kumi. Elfu ishirini, kwa ndugu yetu wa Dar! Elfu hamsini! Watu hupiga vigelegele, na mara nyingi mnunuzi humkabidhi mchungaji jogoo yuleyule. Hapo pana jambo zuri ajabu: bei ya soko imevunjika, kitu kimekuwa njia ya kutoa. Lakini jina linalopaa hewani ni la nani? Bibi aliyeleta jogoo, pengine wa pekee bandani, hatajwi. Katika Marko 12 Yesu aliketi kulielekea sanduku la hazina akamwona mjane na senti zake mbili. Mnada wetu umegeuza viti: tunawatazama matajiri.

Nitajibiwa kwamba majina yasipotangazwa fedha itapungua, na paa la kanisa halisubiri teolojia. Hoja hiyo ni ya kweli kiuhasibu, na ndiyo inayonitia shaka kuliko zote, maana inakiri kwamba tunachouza si jogoo. Katika Luka 14 Yesu anamwambia mwenyeji wake asiwaalike majirani matajiri wanaoweza kumlipa, awaalike maskini. Sifa nayo ni malipo, tena hutolewa papo hapo.

Ombi langu kwa mabaraza ya wazee ni dogo. Karamu iachwe, mbuzi wachinjwe, watu warudi nyumbani kama kawaida. Ila Krismasi ijayo mnada ufanywe bila kutaja jina la mnunuzi, atajwe aliyeleta sadaka, na sehemu ya fedha ya siku hiyo inunue sare na madaftari ya Januari kwa watoto wa usharika wasio na wa kuwanunulia. Mapato yakishuka, mhazini ayasome mbele ya usharika bila kuficha, ili wote tujue ni kiasi gani kilikuwa kinatolewa kwa ajili ya Kristo.